Betri za Risasi na Akiba ya Umeme Jijini Bujumbura: Historia ya Dharura Isiyokwisha

Historia ya umeme wa Burundi aghalabu husimuliwa kwa kuorodhesha mabwawa. Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa na Wabelgiji kwenye mto unaotoka Ziwa Kivu, ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mugere ilifuata mwaka 1982 ikiwa na megawati 8, Rwegura mwaka 1986 ikiwa na megawati 18, kisha Ruzizi ya pili mwaka 1989, ambayo ni ya ubia wa Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo. Simulizi hiyo ina pengo. Kati ya bwawa na taa ya mkazi wa Bujumbura kuna chombo kingine kisichoonekana katika hesabu ya megawati, nacho ni betri ya risasi na asidi. Makala haya yanashikilia kwamba chombo hicho kimechaguliwa na kutunzwa vibaya kwa kuwa kilipokelewa kama kifaa cha dharura, ilhali dharura yenyewe haikuisha.

Betri hii si ngeni duniani. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859. Kilichoipa nafasi mpya Bujumbura ni vita vilivyoanza Oktoba 1993. Umeme wa Rwegura husafirishwa kutoka nyanda za juu, ukanda wa msitu wa Kibira uliokuwa maficho ya waasi. Nguzo zilipoangushwa, jiji liliingia gizani. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Mafuta yakaadimika, na jenereta likawa anasa. (Neno “risasi” lenyewe, katika miaka hiyo, halikumfanya mtu afikirie betri kwanza.) Iliyokuwa karibu ni betri ya gari, ambayo mtaa kama Buyenzi, wenye Waswahili wengi na gereji nyingi, haukuikosa.

Hapo ndipo tatizo la uchaguzi lilipozaliwa. Betri ya gari ina mabamba mengi membamba, nayo imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ijazwe mara moja. Ikitumiwa kuwasha taa na redio usiku kucha hadi ikauke, hufa baada ya mizunguko michache. Betri ya akiba ina mabamba manene, huvumilia kutolewa umeme polepole, na hudumu zaidi iwapo haivukishwi nusu ya ujazo wake. Bei yake ni kubwa zaidi, na mtu anayeamini kwamba umeme utarejea wiki ijayo haoni sababu ya kuilipa.

Hata aliyenunua betri sahihi alikabiliwa na adui asiyesemwa sana: mgao. Betri ya risasi haijai kwa haraka. Sehemu yake ya mwisho, takribani moja ya tano, huhitaji saa kadhaa za kuchajiwa polepole, hata chaja iwe na nguvu kiasi gani. Umeme unaorudi kwa saa mbili tatu na kukatika tena huiacha betri na njaa kila siku. Salfeti ya risasi iliyobaki kwenye mabamba hugeuka fuwele ngumu, na ujazo hupungua bila dalili ya nje. Mwenye betri hulaumu muuzaji. Kipimo chake ni rahisi: betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takribani volti 12.7, na ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi.

Joto huongeza hasara. Bujumbura iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, chini sana kuliko Gitega, na chumba kilichofungwa mchana huzidi kwa urahisi nyuzi 30. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu. Betri iliyozibwa huuzwa kwa sifa ya kutohitaji matunzo, lakini maji iliyopoteza kwa joto hayarudishiki. Kwa zahanati au shule yenye mlinzi anayeweza kufundishwa, betri ya kuongezwa maji ni chaguo bora, mradi maji hayo yawe yaliyokenekwa. Maji ya bomba ya jiji, ambayo kwa sehemu kubwa huvutwa ziwani, yana madini yanayoharibu mabamba. Kuongeza asidi mahali pa maji ni kosa baya zaidi.

Washauri wa sera wamekuwa wakihesabu mabwawa mapya, likiwamo la Rusumo la megawati 80 linalogawanywa na Burundi, Rwanda na Tanzania. Betri zilizokufa hazina mhesabuji. Mjini Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwatia sumu ya risasi wakazi wa Owino Uhuru, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Kenya iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri moja ya saa-ampea 100 ina uzito wa takribani kilo 30, na zaidi ya nusu yake ni risasi. Ofisi yenye betri nane kando ya inveta imehifadhi karibu kilo 150 za sumu hiyo, na itazibadilisha zote baada ya miaka michache.