Genge, Ntilie na Lishe: Historia ndani ya Sufuria

Wahakiki wengi wa fasihi yetu wamezoea kuitafuta historia ya mfanyakazi katika riwaya na tamthiliya. Katika makala haya mimi nataka kuitafuta kwenye chakula, hasa katika majina matatu yanayosikika kila siku jijini Dar es Salaam: genge, mama ntilie na mama lishe. Ndugu msomaji, ukiyapanga kwa mfuatano utaona humo mgogoro mzima wa nani ana haki ya kumpa mwenzake jina.

Tuanze na genge. Nimekulia Magindu, Kibaha, inakopita Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Hao walituachia shule na hela, ambayo asili yake ni sarafu ya heller iliyoingizwa mwaka 1904. Waingereza nao wakatuachia "gang", yaani kikosi cha vibarua chini ya mnyapara. Kiswahili kikalivisha irabu, likawa genge. Sasa kibarua naye ana tumbo. Mahali alipolia chakula chake pakaitwa gengeni, na chakula chenyewe kikawa cha magengeni. Bibi yangu pale Magindu alikiita hivyo chakula chochote kisichopikwa nyumbani, hata kama kimetoka hoteli kubwa!

Leo mjini genge ni kibanda cha nyanya, vitunguu na mchicha. Hebu tazama safari ya neno hili: bwana alilitumia kuhesabia watu, watu wakamnyang'anya, wakalifanya jiko, kisha soko. Mnyapara kaondoka, nyanya zimebaki.

Tuje kwa mama ntilie. Tukilinyambua neno tunapata ni- ya mtendwa, mzizi -ti-, -li- ya kutendea, na -e ya ombi. Mwalimu wa sarufi atadai "nitilie". Lakini mwenye njaa hana muda wa irabu, anaimeza kabla ya wali kufika! Jambo la msingi ni kwamba anayesema hapa ni mlaji. Jina la mpishi limetungwa kwa sauti ya mteja wake. Hata umbo la kibanda linaeleza jina hilo. Benchi limesogezwa karibu na masufuria, mlaji anaona upawa ukiingia na kutoka, anaweza kusema, "Mama, ntilie mchuzi kidogo," na mama akamjibu, "Mwanangu, huo ulionao unatosha." Fani na maudhui vimekaa benchi moja.

Lakini mji haukumpokea mama huyu kwa mikono miwili. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na katika utekelezaji wake wachuuzi wengi wa Dar es Salaam walikamatwa, wengine wakapelekwa vijijini kulima. Kinaya kilichoje! Anayewalisha wafanyakazi anaweza kuhesabiwa kuwa hana kazi. Kiswahili kina genge jingine, lile la ukingo wa mwamba unaotisha kuuchungulia. Basi naweza kusema bila utani kwamba mwenye genge alikuwa ukingoni mwa genge.

Baadaye likaja jina la mama lishe. Ni jina safi, linakaa vizuri kwenye hotuba, semina na fomu ya mkopo. Lakini sikiliza: nani anasema ndani yake? Mlaji hayumo. Lishe ni neno la zahanati na ofisi, linamtazama mpishi kwa mbali na kumpa wajibu wa afya ya taifa. Najua wapo akina mama wanaolipenda, na wana sababu. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi huchoka kuitwa kwa jina lenye amri ndani yake. Heshima hiyo ni haki yao, wala siwezi kuwanyima nikiwa nimekaa maktaba.

Ninachokataa ni ile tabia ya kudhani kwamba jina la kwanza lilikuwa ushamba wa kusahihishwa. Vijana wa vijiweni wanaita chipsi mayai zege, neno la mafundi ujenzi, nasi tunacheka. Kesho mtu wa ofisini ataleta jina la adabu, tutaliandika, na fundi atakuwa amefutwa kwenye sahani yake mwenyewe.

Vibarua wa reli hawakuacha riwaya. Walioondolewa mjini mwaka 1983 hawakuacha tamthiliya. Waliacha maneno, na mhakiki asiyeyasoma hayo anaihakiki nusu ya fasihi. Kamusi ziyaweke yote, ntilie na lishe, na zituambie lipi lilitoka benchini na lipi lilitoka mezani pa ofisa.