Upya wa Uchunguzi

Kila aandikaye uchunguzi hupenda kusema kwamba ameleta jambo jipya. Kusema hivyo si vibaya, lakini yampasa mtu aonyeshe upya huo uko wapi, na unaishia wapi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, niliandika insha juu ya Wagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira. Nilieleza jinsi wahenga wao walivyotoka Kano, wakapita Kabianga, hata baadhi yao wakafika Manga. Nilikuwa nimewauliza wazee watatu wa kijiji kimoja, basi nikaandika kwa fahari: "Habari hizi hazijapata kuandikwa na mtu yeyote." Mkufunzi wangu aliisoma insha, akaniuliza: "Umetafuta wapi hata ukajua kwamba hakuna?" Nilikosa jibu.

Nikaenda maktaba. Huko nikakuta kwamba Philip Mayer alikwisha kuandika juu ya koo za Wagusii mwaka 1949. Mwaka 1974 William Ochieng' alitoa kitabu kizima cha historia yao, tangu mnamo mwaka 1500 hadi 1914. Naye Robert Maxon, mwaka 1989, alieleza habari za Wagusii na Waingereza tangu 1907 hadi 1963. Basi nilikuwa nimesema uongo, ijapokuwa sikukusudia.

Lakini kitabu cha Ochieng' kilinifundisha pia maana ya upya. Habari za Kabianga hakuzibuni yeye. Wazee walikwisha kuwasimulia wajukuu zao tangu zamani. Kazi yake ilikuwa kuyakusanya masimulizi, kuyapima na kuyapanga kwa utaratibu wa miaka, hata yakawa historia inayoweza kusomwa na kuchunguzwa na mtu yeyote. Upya si lazima uwe katika habari yenyewe. Waweza kuwa katika ushahidi, au katika njia ya kuupima.

Nikaifuta ile sentensi, nikaandika nyingine: "Ochieng' ameeleza safari ya Wagusii wote. Mimi naongeza masimulizi ya wazee watatu wa kijiji kimoja, na kuonyesha mahali wanapopatana naye na mahali wanapotofautiana." Dai langu lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza, lakini hakuna aliyeweza kuliangusha.

Ninyi nanyi, mtakapoandika, jiulizeni mambo matatu: Nani wamenitangulia? Wameishia wapi? Nami nimeongeza nini? Asemaye "hakuna aliyeandika" bila kutafuta huwanyima haki waliomtangulia, tena humpoteza msomaji. Bali atajaye kazi za wenzake, kisha akaonyesha nyongeza yake, huaminiwa hata nyongeza hiyo ikiwa ndogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na historia ya watu haijazwi na mtu mmoja.