Ubao Mama na Kumbukumbu: Maneno Mawili ya Kuyajua Kabla ya Kuunda Kompyuta

Binti wa kaka yangu anasomea usanifu majengo, na programu za kuchorea nyumba zilikuwa zimeielemea kompyuta yake ya mkononi. Akaamua kuunda ya mezani mwenyewe, kipande kwa kipande. Aliandika orodha kwa Kiswahili, akaenda nayo Kariakoo: prosesa ya AMD ya soketi AM5, ubao mama wake, kumbukumbu GB 32, diski, pawa saplai na kasha. Jioni akaja kwangu na mifuko, tukaanza kupanga vitu mezani. Tulipofika kwenye kumbukumbu, kipande kikagoma.

"Shangazi, mbona hakizami?"

Nilikichukua nikakisimamisha juu ya sloti. Ukingo wake wa chini ulikuwa na meno membamba ya rangi ya dhahabu, na karibu na katikati ya meno hayo palikuwa na pengo moja dogo. Sloti nayo ilikuwa na kinundu cha plastiki ambacho hupaswa kuingia kwenye pengo hilo. Pengo na kinundu vilipishana kidogo tu, kiasi cha kuhitaji kuinama ndipo uone. Kipande kilikuwa cha DDR4, ubao ulitaka DDR5. Muuzaji aliombwa kumbukumbu GB 32, akatoa kumbukumbu GB 32. Hakuna aliyesema uongo, ila kazi ilikwama.

Mimi naamini istilahi hupimwa mahali kama hapo. Neno la kitaalamu linaweza kupitishwa kwenye kikao na kuchapishwa kamusini, lakini mtihani wake ni mtu aliyesimama mbele ya kaunta akiwa na pesa mkononi. Likimfikisha dukani na kumrudisha nyumbani na kitu kinachofanya kazi, limefaulu. Ndiyo maana nataka tuyatazame kwa makini haya mawili, ubao mama na kumbukumbu: yanasema nini, yanaficha nini, na yanahitaji kuongezwa nini.

Tuanze na ubao mama. Midomoni mwa mafundi wengi jina lake ni mazabodi, au maza tu kwa kifupi. Katika maandishi utakutana na "bodi mama" na "ubao mama". Mimi nachagua la pili. Neno "bodi" tayari lina shughuli nyingi: kuna bodi ya wakurugenzi, na kwa mafundi wa gereji bodi ni umbo la nje la gari, lile linalonyooshwa na kupigwa rangi. "Ubao" tunaujua tangu darasa la kwanza: kitu bapa ambacho mambo hupangwa juu yake. Wapo wanaosita kwa sababu ya wingi wake, kwamba "mbao mama" zinamwita seremala. Lakini kila siku tunasema mbao za matangazo, wala hakuna anayewaza randa wala msumeno. Wingi huo hautatusumbua.

Na kwa nini mama? Kwa Kiingereza jina hili lilitokana na kadi ndogo zilizochomekwa kwenye ubao mkubwa. Mkubwa ukawa mama, kadi zikawa mabinti. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, nyaraka zake ziliuita ubao wa mfumo. Juu yake palikuwa na sloti tano, na kadi ya skrini, kwa mfano, iliingia kwenye mojawapo. Kiswahili hakikuhitaji kufundishwa ujamaa huu wa vitu. Droo tangu zamani tunaiita mtoto wa meza, kwa sababu imo ndani ya meza na haina kazi nje yake. Kadi ya michoro nayo ni mtoto wa ubao kwa maana hiyo hiyo.

Lakini Kiswahili kina matumizi mengine ya "mama" yanayofaa zaidi hapa. Katiba tunaiita sheria mama. Hatuiiti hivyo kwa sababu ni kubwa au ndefu kuliko nyingine. Ni kwa sababu sheria nyingine zote hupimwa kwayo, na inayopingana nayo ni batili pale inapopingana. Ukiushika ubao mama kwa maana hiyo, umeielewa kompyuta ya kuunda. Ubao ndio unaoruhusu prosesa hii na kuikataa ile, unaotaja kizazi cha kumbukumbu, unaohesabu sloti na matundu ya diski, na unaoamua ukubwa wa kasha. Kifaa kinachopingana nao ni batili, hata kiwe cha bei ya juu kiasi gani.

Kifungu cha kwanza cha sheria hiyo ni soketi, yaani kiti cha prosesa. Mtu huanza kwa kuchagua prosesa, kwa kuwa ndiyo itakayobeba kazi yake, kisha hutafuta ubao wenye kiti chake. Kwa prosesa za AMD, soketi AM4 ndiyo iliyotangulia, na mbao zake hutumia kumbukumbu za DDR4. AM5 ilikuja mwaka 2022 na hutumia DDR5 peke yake. Kwa Intel, soketi LGA1700 iliingia sokoni mwaka 2021, na hapa ndipo wengi huteleza: prosesa zake hukubali DDR4 na DDR5 pia, lakini ubao wenyewe kwa kawaida umejengewa kizazi kimoja tu. Mbao mbili zenye soketi ile ile na majina yanayokaribiana zinaweza kutofautiana kwenye jambo hili moja. Usome jina la ubao hadi herufi ya mwisho.

Kifungu cha pili ni vipimo. Ubao wa ATX, muundo ambao Intel iliutoa mwaka 1995, una milimita 305 kwa 244. Mdogo wake, micro-ATX, ni mraba wa milimita 244, na Mini-ITX ni mraba wa 170. Kasha la ubao mkubwa humpokea mdogo, bali kasha dogo halimpokei mkubwa. Mini-ITX kwa kawaida ina sloti mbili tu za kumbukumbu, hivyo anayetarajia kuongeza baadaye afikirie mapema.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu, neno gumu zaidi kati ya haya mawili, kwa sababu linaonekana jepesi.

Katika Kiswahili cha kila siku kumbukumbu ni kitu cha kudumu. Katibu huandika kumbukumbu za kikao ili mwakani pasiwe na ubishi. Tunafanya kumbukumbu ya aliyefariki ili asisahaulike. Mnunuzi anayekuja na maana hiyo akilini akisikia "kumbukumbu ya kompyuta", atafikiria mahali picha zake na barua zake zinapokaa. Hapo amekosea, kwa kuwa hizo hukaa kwenye diski. Kumbukumbu anayouziwa husahau kila kitu umeme unapokatika. Ndiyo maana wapo wanaojisifu kuwa na kompyuta ya "kumbukumbu 500" huku wakishangaa inavyokwama. Hiyo 500 ni diski, na kumbukumbu yenyewe huenda ni GB 4.

Waingereza wa mwanzo wa kompyuta walikuwa na neno jingine: waliiita ghala. Hata wao, basi, hawakuona kwamba ni lazima kifaa hiki kifananishwe na akili ya mtu. Nasi tungeweza kusema hifadhi, lakini hifadhi tayari inaelekea kwenye diski, na ni vizuri ibaki huko.

Jaribio jingine ni kulitafsiri neno kwa neno jina refu la ramu, yaani kumbukumbu hiyo hiyo: kumbukumbu ya ufikiaji nasibu. Hapa naomba tusimame. Nasibu kwetu ni bahati. Neno lenyewe limeshikamana na bahati nasibu, ambako hujui utapata nini. Kompyuta ikifanya kazi hivyo, hakuna atakayeinunua. Kinachosemwa hasa ni kinyume cha kubahatisha. Kumbuka kaseti: ukitaka wimbo wa sita, sharti upeleke utepe mbele ukipitia mitano ya kwanza. Kwenye ramu, data iliyo mwanzo na iliyo mwisho hufikiwa kwa muda ule ule, bila kupitia nyingine. Uhuru huo wa kwenda popote ndio uliotajwa, na "nasibu" inaugeuza kuwa kamari.

Pendekezo langu ni kumbukumbu ya kazi kwenye maandishi, na ramu kwenye mazungumzo. Kumbukumbu ya kazi inaeleza kitu kilivyo: ni meza anayofanyia kazi fundi, si kabati anamofungia vitu jioni. Programu ikifunguliwa hutolewa kabatini na kutandazwa mezani. Meza ikiwa ndogo, fundi hushinda akienda na kurudi kabatini, na huo ndio mkwamo tunaouona. Kwa kuandika, kusoma na hesabu za ofisi, GB 16 ni meza ya kutosha. Kwa michoro ya majengo na kuhariri video, anza na 32.

Hata hivyo sikubali kulitupa neno kumbukumbu, na sababu imo ndani ya kifaa chenyewe. Ramu ya leo imejengwa kwa wazo la Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1968: kila biti hukaa kwenye kapasita moja ndogo sana inayolindwa na transista moja. Kapasita yenye chaji ni moja, isiyo na chaji ni sifuri. Tatizo ni kwamba kapasita huvuja. Ikiachwa, chaji huisha na neno hufutika. Kwa hiyo kila safu husomwa na kujazwa upya ndani ya kila milisekunde 64 au pungufu, usiku na mchana, maadamu umeme upo. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo: kukumbusha. Ramu ni kitu kinachokumbuka kwa sababu kinakumbushwa, zaidi ya mara 15 kila sekunde. Sijaona lugha nyingine ninayoijua inayoweza kulisema hilo kwa mzizi mmoja, na ningependa kila mwalimu wa kompyuta alieleze hivyo darasani.

Linabaki DDR, lile lililomkwamisha binti yetu. Herufi hizo tatu zinasema mwendo maradufu wa data. Saa ya kumbukumbu hupiga kwa kupanda na kushuka; zamani data ilisafiri mara moja kwa kila pigo, sasa husafiri wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Namba inayofuata ni kizazi. Kipande kilichoandikwa DDR4-3200 huhamisha data mara milioni 3200 kwa sekunde, na kila mara hubeba baiti nane, jumla GB 25.6 kwa sekunde. DDR5-6000 hufika GB 48. Vipande viwili vikikaa kwenye chaneli mbili, uwezo huo huongezeka mara mbili. Ndiyo maana ni afadhali vipande viwili vya GB 16 kuliko kimoja cha 32.

Vizazi havichanganyiki. DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zina urefu mmoja na meno 288 kila moja, hivyo jicho hudanganyika kwa urahisi. Lakini DDR4 hutumia volti 1.2, DDR5 volti 1.1, na DDR5 imebeba kidhibiti cha umeme juu ya kipande chenyewe. Pengo limehamishwa makusudi ili asije mtu akalazimisha. Kipande kikigoma, usikisukume. Toa, geuza, tazama pengo.

Binti alirudi dukani kesho yake. Safari hii alisema: "Kaka, naomba ramu ya DDR5, vipande viwili vya GB 16, kwa ubao wa AM5." Alibadilishiwa bila mabishano. Jioni tukafungua vishikizo vya sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, kama kitabu cha ubao kilivyoelekeza, tukabonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba hadi vishikizo vikajifunga vyenyewe kwa mlio mkavu.

Tulipowasha, skrini ilibaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Akanitazama. Nikamwambia asizime: mara ya kwanza ubao wa AM5 huchukua muda kupimana na kumbukumbu zake mpya, ukitafuta mwendo ambao zote zinauweza. Kisha picha ikatokea, GB 32, lakini mwendo ulisomeka 4800. Tukaingia kwenye mipangilio ya ubao, tukawasha wasifu wa EXPO, na 6000 aliyoilipia ikaonekana. Wengi hawafiki hapo. Hununua mwendo mkubwa na kutumia mdogo kwa miaka.

Kabla ya kufunga kasha alichukua ile orodha ya kwanza, akaiandika upya na kuibandika kwa gundi ya karatasi ndani ya ubavu wa kasha, kwa ajili ya fundi yeyote atakayelifungua baadaye: "Ubao mama: soketi AM5, micro-ATX, sloti nne. Kumbukumbu ya kazi: DDR5-6000, vipande viwili vya GB 16, sloti ya pili na ya nne. Ukiongeza, ongeza DDR5 tu."