Kikokotoo na Shamba la Bariadi

Mstaafu wa Uingereza huhamia Hispania ili pensheni yake imtoshe. Mtumishi wetu anayestaafu Dar es Salaam akiwa na miaka 60 hurejea Bariadi, kwenye pamba na ng'ombe. Tunasema amependa kwao. Historia inanifundisha jambo jingine. Manamba waliotoka Usukuma kwenda mashamba ya mkonge walilipwa ujira wa mtu asiye na familia. Uzee wao uliachiwa kijiji. Kikokotoo cha mwaka 2022 kiliweka asilimia 33 kwa mkupuo, na 67 kwa pensheni ya kila mwezi. Tulibishania asilimia, tukalisahau shamba. Ardhi ya Simiyu ingali mfuko wa hifadhi usiotajwa na sheria. Asiyekuwa nayo atahamia wapi?