Wanamaombi wa Riverside, kwa Jicho la Utende

Utende, kijiji cha mashariki mwa kisiwa cha Mafia kinachotazamana na Chole, si mahali ambapo mtu angeanzia kutafuta historia ya uponyaji wa Kikristo. Wenyeji wake wengi ni Waislamu, na nje ya kisiwa kijiji hicho hutajwa zaidi kwa sababu ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Hata hivyo, ukiitazama kutoka huko historia ya Padre Felician Nkwera na Wanamaombi wake wa Ubungo Riverside, Dar es Salaam, kuna jambo linalojitokeza ambalo waliozama kwenye ugomvi wa jijini hawakuliona vizuri. Padre anawaombea wagonjwa, anawapa maji ya baraka, anayafukuza majini, na mwisho wake anatengwa na Kanisa lake. Mafia, mwalimu wa chuo cha Kurani anaandika kombe, yaani aya zinazooshwa kwa maji, mgonjwa analinywa, na fundi wa pepo anapiga ngoma yake mtaa wa pili, bila yeyote kumwandikia barua ya kumfukuza. Imani juu ya pepo haitoshi kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa iko pande zote mbili. Ninachoona mimi ni kwamba ugomvi wa Riverside ulihusu idhini.

Nkwera alizaliwa mwaka 1936, akapewa upadre mwaka 1968. Mwaka uliofuata, kwa maelezo yake, alisikia sauti iliyomwagiza kuwaponya watu. Akaanza kuwaombea wagonjwa huko nyanda za kusini, akiwa pia mtu wa elimu. Wasomaji waliopita sekondari enzi hizo huenda wanamjua kwa Sarufi na Fasihi, kitabu cha mwaka 1978, kabla ya kumjua kwa maombezi. Hilo nalitaja kwa makusudi. Wapo wanaodai huduma za namna hii ni zao la ujinga wa vijijini, lakini mwasisi wa hii alikuwa akiwafundisha Watanzania sarufi ya lugha yao, na kundi lake likakomaa jijini.

Wengine wanasema Kanisa lilimkataa kwa sababu alichanganya dini na uganga. Ushahidi unaelekea kwingine. Wanamaombi walikuwa Wakatoliki wa mtindo wa zamani kuliko majirani zao parokiani: rozari, ujumbe wa Bikira Maria wa Fatima, na msimamo mkali kwamba komunyo ipokelewe kwa ulimi, si kwa mkono. Ukiwasikiliza, utadhani ndio waliokuwa wakiwalaumu maaskofu kwa kuiacha mila. Mapepo nayo hayakuwa mapya Roma, yenye ibada yake ya kuyapunga kwa idhini ya askofu. Idhini hiyo ndiyo iliyokosekana. Padre aliyesema ametumwa moja kwa moja na mbingu, mwenye kituo chake na waumini wake, alikuwa na mamlaka ambayo jimbo halikumpa. Miaka ya 1990 akatengwa. Jirani yetu wa Zambia, Askofu Mkuu Emmanuel Milingo, alikuwa ameshapitia njia hiyo. Uponyaji aliouanza mwaka 1973 ulimfanya aitwe Roma mwaka 1982, asirudi tena kuongoza Lusaka.

Mfano wa Edmund John unaithibitisha hoja hii ya idhini kwa upande wa pili. Huyu alikuwa Mwanglikana, mlei asiye na daraja lolote, aliyezunguka mikoani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi kifo chake mwaka 1975, akiombea wagonjwa na kuwataka watu wasalimishe hirizi na dawa zao. Kwa vitendo, hakutofautiana sana na Nkwera. Lakini alikuwa ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, na huduma yake haikujenga kanisa ndani ya kanisa. Anglikana ikampokea.

Turudi kisiwani. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, ameandika kwa kirefu kuhusu watu wanaoswali na wakati huohuo wanatibiwa na waganga wa pepo. Utaniambia Mafia si shwari kiasi hicho, kwani wapo masheikh wanaokemea hirizi na ngoma kwa ukali. Ni kweli, na wana hoja zao za kidini ambazo si za kupuuzwa. Ila sheikh akikemea, anayekemewa hana cheo cha kuvuliwa. Mgonjwa atachagua mwenyewe mlango wa kubisha. Kuna tofauti nyingine pia, na hii ni ya ndani zaidi. Pepo wa pwani mara nyingi hufanyiwa suluhu, hupewa anachotaka, akabaki na mtu wake maisha yote. Riverside hakuna suluhu, jini hutolewa. Aliyetolewa jini hubaki na kundi, na kundi linalokua namna hiyo ndilo linalomtia askofu wasiwasi.

Basi je, si uhaba wa zahanati tu unaoeleza yote haya? Uhaba upo, na kwa mtu wa kisiwani kuvuka bahari kutafuta matibabu si jambo dogo. Lakini mwaka 2011, waliopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile walikuwamo viongozi na matajiri wenye uwezo wa kwenda hospitali yoyote. Naye mzee huyo alisema ameagizwa na Mungu katika ndoto, dai lisilopungua uzito mbele ya lile la Nkwera. Askofu wake wa Kilutheri, Thomas Laizer, alimuunga mkono hadharani, na hakuna aliyemvua kola.