Kiyeyushi katika Historia ya Fuwele za Polithini

Polithini, plastiki iliyogunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, ni polima, yaani dutu ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu ya atomi, na kwa miaka mingi wataalamu walishikilia kwamba minyororo ya namna hiyo haiwezi kujipanga ikatoa fuwele mojamoja kama zile za chumvi. Walidhani kwamba mnyororo mmoja hupita katika vijisehemu kadhaa vyenye mpangilio, kisha hupotelea katika sehemu zisizo na mpangilio. Dhana hiyo ililingana na plastiki iliyoyeyushwa kwa joto kisha ikagandishwa, ambamo minyororo huwa imesongamana na kufumana kiasi kwamba kila mmoja humzuia mwenzake.

Njia nyingine ilikuwa kuitenga minyororo hiyo kwa kiyeyushi, yaani kimiminiko kinachoyeyusha dutu nyingine ndani yake. Mwaka 1957 Andrew Keller, mwanafizikia mzaliwa wa Budapest aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Bristol, alitumia zailini ya moto, akauacha myeyusho mwepesi sana wa polithini upoe, na alipotazama kwa hadubini ya elektroni akaona vibamba vyembamba vyenye umbo la msambamba. Mwaka huohuo watafiti wengine, mmoja Marekani na mwingine Ujerumani, walitangaza matokeo ya aina hiyo. Unene wa vibamba ulikuwa takriban nanomita 10, ilhali minyororo, ambayo ilikuwa mirefu kuliko unene huo mara nyingi, ilisimama wima kuukabili uso wa kibamba; Keller akahitimisha kuwa kila mnyororo hujikunja na kurudi, tena na tena. Namna mikunjo hiyo ilivyopangika ilizua mabishano makali yaliyodumu zaidi ya miaka ishirini, huku mwanakemia Paul Flory akiwa miongoni mwa wapinzani wakuu wa mikunjo iliyo nadhifu.

Katika mabishano hayo kiyeyushi kilielekea kusahauliwa, ingawa ndicho kilichowezesha jambo lenyewe kuonekana. Kiyeyushi kizuri, yaani kile ambacho minyororo hupatana nacho, huishikilia polima hata kimiminiko kipoe sana, kwa hiyo fuwele huchelewa kuanza. Kiyeyushi hafifu huiachilia mapema, katika joto la juu zaidi. Kwa sababu hiyo, fuwele zilizokuzwa katika nyuzijoto zilezile lakini katika viyeyushi viwili tofauti huweza kutofautiana unene, kwa kuwa unene hufuata zaidi tofauti iliyopo kati ya joto la kuyeyuka katika kiyeyushi husika na joto la kukulia: tofauti ikipungua, kibamba huwa kinene. Mtafiti Organ na Keller walipochapisha mwaka 1985 uchunguzi wao wa fuwele zilizokuzwa katika joto la juu, viyeyushi hafifu ndivyo vilivyowafikisha huko, mahali ambapo zailini isingewafikisha.

Uholanzi historia hii ilichukua mkondo wa kiwanda. Katika miaka ya 1960 Albert Pennings alionyesha kwamba myeyusho wa polithini ukikorogwa wakati wa kupoa hutoa nyuzi ndefu zilizotungwa vibamba, umbo lililopewa jina la mishikaki. Uzi wa katikati ulikuwa na minyororo iliyonyooka, na mnyororo ulionyooka una nguvu kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Paul Smith na Piet Lemstra wa kampuni ya DSM waliyeyusha polithini yenye minyororo mirefu kupita kawaida katika dekalini, wakaupitisha myeyusho katika tundu dogo, wakaupoza ukawa jeli, kisha wakauvuta. Dekalini ilikuwa imepunguza mafundo kati ya minyororo, nayo fuwele zilizozaliwa ndani ya jeli ziliweza kukunjuliwa na kunyooshwa mara nyingi bila uzi kukatika. Pasipo kiyeyushi, polithini ya aina hiyo ni nzito mno hata kupitishwa tunduni. Uzalishaji wa nyuzi hizo, zilizopewa jina la Dyneema, kwa ajili ya biashara ulianza Heerlen mwaka 1990. Kampuni ya Allied ya Marekani, iliyopata leseni kwa nyuzi zake za Spectra, ilichagua mafuta mazito ya madini badala ya dekalini, na kwa vile mafuta hayo hayavukizwi kwa urahisi kama dekalini, iliilazimu kuyaosha kwa kiyeyushi cha pili.