Sotoka ya Ngorongoro na Mnara wa Siloamu

Machi 1892, Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alipita Ngorongoro, jirani na Mlima Oldeani, akawakuta Wamasai wamebaki mifupa na ngozi. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wao. Ndui na njaa viliandamana nayo.

Mbele ya maafa ya namna hii, wapo Wakristo wanaotafuta kwanza dhambi ya waliokufa. Injili ya Luka, sura ya 13, haiwaungi mkono. Yesu alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha akadai toba kwa walio hai, jambo ambalo wahubiri wetu wengi huliruka.

Wanahistoria wengi hueleza kuwa sotoka hiyo iliingia kupitia Eritrea mwaka 1887, pamoja na ng'ombe wa jeshi la Italia. Anayesema Mungu aliwaadhibu Wamasai atueleze kwa nini adhabu ilikuja na kitoweo cha wavamizi.

Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang' liliua watu zaidi ya 80. Hapo pia, toba naidai kwanza kwa sisi tunaopanga makazi, si kwa waliozikwa.